Ngozi ya Mgeni

Vijana wangu wa chumba cha vidonda, siku mliponiaga mlinipa nafasi ya kusema machache, nami nikaimaliza yote nikitafuta miwani iliyokuwa kichwani pangu. Kisha mikebuka, samaki wa ziwa letu, ikaletwa ya kukaanga, na mbele ya mikebuka hotuba haifui dafu. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana vilinifikia nikiwa nimeshazoea kuvikosa. Mshahara nao mnaujua, hauhitaji msimuliaji. Nitawaeleza habari za ndoo moja, mkono mmoja wa msusi, na mama mkwe wangu.

Nilizaliwa Lweba, katika nyumba ya wavuvi, na nikasomea uuguzi kwa sababu nilikuwa mvuvi mbovu. Baba alikuwa akisema samaki wakiniona wanaitana waje wanitazame. Hospitali ya Baraka iliyonipokea ilinikabidhi kwa Mama Sifa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, ambaye alikuwa akifunga na kufungua vidonda tangu mimi sijaota ndevu. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mtoto aliyeangukia sufuria ya maji ya bugali. Nilitazama mgongo wa yule mtoto, nikaona ukuta unasogea, kisha nikajikuta nimeketi sakafuni. Mama Sifa hakuniinua. Alinivuka kwenda kuchukua bandeji, akanivuka tena akirudi.

"Ukimaliza kupumzika," akasema, "kamata ile ndoo."

Ndoo yenyewe ilikuwa ya plastiki, nyekundu, yenye mfuniko, imejaa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo. Kazi yake ilikuwa kulowesha bandeji iliyogandamana na kidonda. Mwuguzi mwenye papara huivuta ikiwa kavu, na ile ngozi changa iliyoanza kuota hutoka nayo, pamoja na kilio kinachosikika sokoni. Mama Sifa alimwaga maji kidogo kidogo, kisha akaketi kwenye stuli na kumpigia mgonjwa hadithi za harusi za watu mpaka bandeji ijiachie yenyewe. Nilisimama nimeshika ndoo, mkono ukaanza kufa ganzi, nikamwuliza kama hatuwezi kuharakisha.

"Kidonda haiko na haraka," akanijibu. "Haraka ni yako. Peleka haraka yako inje, ikungojee kule."

Somo hilo nililirudia kazini maisha yangu yote, na ninyi nimewachosha nalo. Mama Sifa alipostaafu aliniachia stuli na ndoo. Stuli ilivunjika. Ndoo iko bado, mfuniko wake umepasuka pembeni, na atakayeitumia kufulia nguo za mpira wa miguu nitamlaani kutoka nyumbani.

Nchi yetu ina njia nyingi za kuungua. Kuna petroli ya kwenye madumu ya pikipiki zinazopanda migodi ya Misisi, ambayo dereva huiangalia kama imejaa akiwa na sigara mdomoni. Kuna mafuta ya mawese yanayochemshwa kwenye pipa, na watoto wanaocheza kukimbizana karibu na mbabula, jiko la makaa. Mwanzoni dawa zetu zilikuwa chache na akili ndiyo iliyofanya kazi. Tulipoishiwa shashi, tulichemsha majani ya ndizi na kuyalaza juu ya kidonda, na niwaambie, jani la ndizi halishikamani na kidonda wala halilalamiki. Kuungua kwa juujuu hupona hivyo. Kuungua kwa ndani ni habari nyingine, maana ngozi iliyokufa mpaka chini haina mbegu ya kuota tena. Kidonda hujifunga kwa kujivuta, kikivuta kila kilicho karibu. Nimeona kidevu kilichoshikana na kifua, na vidole vilivyokunjwa vikabaki ngumi mpaka mwenyewe akazeeka.

Dawa ya hilo ilikuwa kukopa kwa paja kulisaidia jeraha. Daktari alichuna ngozi nyembamba kwa kisu kirefu, na mimi nikaitandika kwenye ubao safi na kuitoboa matundu madogo kwa wembe ili itanuke kama wavu. Mashine ya kazi hiyo ipo duniani, nimeiona kwenye picha, ni nzuri sana. Wavu ukishika, unamshukuru Mungu. Usiposhika, unarudi kwenye paja, na paja nalo lina mwisho wake. Ngozi ya mtu mwingine haikuwa msaada, kwa sababu mwili huitambua na kuifukuza.

Sasa nifike kwa Riziki. Alikuwa binti msusi, mwenye kibanda chake karibu na soko la Baraka, na wanawake walitoka mbali, hata Lusenda, kuja kumngojea. Mimi nilimjua kwa sababu alikuwa mjukuu wa Koko Feza, yaani Bibi Feza, dada mkubwa wa marehemu mama wa mke wangu. Kwa desturi yetu huyo Koko ndiye mama mkwe wangu hasa, na hilo mlishike, litatusumbua mbele. Siku ile Riziki alikuwa amemaliza kusuka kichwa kimoja na anachoma ncha za nywele za bandia, kama wafanyavyo. Kifurushi kizima cha nywele kilichokuwa mapajani pake kikashika moto wa mbabula. Alikikamata kwa mkono wa kulia akitupe nje, kisiwaguse wateja. Nywele za plastiki zikayeyuka na kumgandia mgongoni mwa mkono na juu ya vidole.

Wateja hawakupata hata lengelenge. Yeye tulimwondolea ile plastiki vipande vipande, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, haisikii hata sindano. Tulimpandikiza wavu wa paja lake mwenyewe, ukakataa kushika. Tukarudia, ukashika pembeni tu. Vidole vikaanza kuinama. Kila asubuhi aliunyoosha mkono mbele yangu na kila asubuhi ulinyooka pungufu.

"Papa," aliniuliza siku moja, "muntu anasukaka na mukono moja?"

Nilikwenda nyuma ya jengo nikajifanya natafuta kuni za kuchemshia majani.

Kiangazi kikaja, na pamoja nacho Docta Safari. Huyu ni mtoto wa Bukavu, mpasuaji, anayefanya kazi ng'ambo na ambaye kila mwaka alitumia likizo yake kutufanyia upasuaji, jambo lililomfanya mkewe, kwa maelezo yake mwenyewe, aulize maswali. Mara hii alikuja na sanduku dogo lililofungwa vizuri kuliko mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na vifuko vichache, na katika kila kimoja kipande cha duara, cheupe, cha kuteleza, ukubwa wa chapati ndogo.

"Iyi ni ngozi," akasema. "Iko hai. Bameikomalisha mu laboratoire."

Tukasogea wote kuitazama ngozi iliyokuzwa maabara. Mmoja wetu akauliza kama inapumua.

Nitawaeleza kama alivyotueleza. Chini kuna kitanda kilichotengenezwa kwa nyuzi za ng'ombe, zile zinazoifanya ngozi iwe imara. Juu ya kitanda hicho wamepanda chembe hai za binadamu, zikazaana mpaka zikawa tabaka mbili, moja ya chini na moja ya juu, kama ngozi yangu na yako. Haina nywele wala jasho, na mwili hauifukuzi haraka kama ngozi iliyochunwa kwa mtu mwingine, kwa sababu zile chembe kali za damu zinazolinda mwili hazimo ndani yake. Lakini pia haikai milele. Inaketi juu ya kidonda, inakichochea, inazifundisha chembe za mgonjwa mwenyewe zitambae na kufunga mahali, kisha taratibu inakwisha na kumwachia mwenyewe nyumba yake. Docta alitaka kumwekea Riziki wavu mpya mwembamba wa paja, na juu ya wavu hiyo ngozi iliyo hai.

Ila ilikuwa na masharti ya bibi harusi. Haitaki joto la Baraka, na friji inaiua. Inataka ubaridi wa asubuhi ya kiangazi, mchana na usiku. Mtunza stoo wetu, ambaye maishani mwake hajapata kuona sanduku la ng'ambo lisilowekwa frijini, tulimdaka mlangoni pa friji akiwa ameshalikumbatia. Tukakaa kufikiri. Mwishowe mpishi wa wagonjwa akatoa mitungi miwili ya udongo, mmoja ukaingia ndani ya mwingine, katikati tukajaza mchanga wa ziwani uliolowa, tukatia kipimajoto na kufunika kitambaa chenye maji. Kipimajoto kikashuka mpaka pale Docta alipotaka, kikatulia. Kwa hiyo ngozi iliyowasumbua wataalamu wa dunia ililala kwetu pale ambapo mama zetu waliweka maji ya kunywa. Hata hivyo haikuwa na siku nyingi za kuishi, na kila mtu alijua.

Docta Safari ana kanuni moja ninayomheshimu nayo: mgonjwa hawekewi kitu asichokijua. Alimweleza Riziki kila kitu, pamoja na mahali chembe zile zilipotoka. Zilitoka kwa mtoto mchanga wa kiume wa ng'ambo, siku alipotahiriwa. Kile kipande kinachotupwa hakikutupwa. Mama yake aliombwa, akakubali kitolewe, na kutokana na kipande kile kidogo kikaota ngozi ya watu wengi sana. Riziki alicheka mpaka akashika mbavu kwa mkono mzima.

"Mi nakubali," akasema. "Lakini Koko njo alinikomalisha tangu mama yangu alikufa. Koko akisema apana, siingii mule mu upasuaji. Mumuelezee yeye. Yote."

Hapo kicheko changu kikakatika. Mnaelewa shida yangu? Kwetu mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na akimwona njiani anaingia kwenye mihogo ampishe. Neno lolote la chini ya kiuno likimtoka mbele yake, mbuzi wa faini hatoshi kulifuta. Nilimsihi Docta amweleze yeye. Koko Feza akaja kesho yake, kikwembe, kitenge chake cha kujitanda, kimemfunika mpaka paji la uso, akaketi mlangoni pa chumba chetu akinipa mgongo, nami nikaugeukia ukuta. Docta alianza vizuri.

"Mama, tunataka kukuelezea..."

"We docta, aksanti," akamkata. "Lakini we utapanda ndege. Uyu mukwe wetu atabakia apa. Akinidanganya, nyumba yake mi naijua. Aseme yeye."

Kwa kawaida mke wangu ndiye hutubebea maneno, nami niko upande huu, mama mkwe upande ule. Mke wangu alikuwa msibani Lusenda. Nikawatafuta wenzangu, na wote kwa ghafla walikuwa na wagonjwa mahututi mahali pengine. Katikati ya mimi na Koko hakukuwa na kiumbe, ila ndoo nyekundu. Nikakohoa.

"Ndoo," nikasema, "ambia mama: iyi ngozi ni sawa muhogo. Unakata kipande moja ya muti, unapanda, inakuwa shamba muzima."

Kisha Koko akaisemesha ndoo bila kugeuka.

"Ndoo, uliza mukwe: ni ya nguruwe?" Koko alisilimu alipoolewa na mwenye maboti, na swali hilo nililitegemea.

"Ndoo, ambia mama: apana. Kitanda yake ni ya ngombe. Ile inalala juu ya kitanda ni ya muntu."

"Ya muntu! Alikufa?"

"Apana, ni muzima. Pengine sasa ni kijana mukubwa, anasumbua mama yake."

"Kama ni muzima, balimukata wapi?"

"Ndoo, ambia mama: balikata pahali padogo tu."

"Padogo wapi? Sikio?"

"Chini ya sikio."

"Kidole?"

"Ndoo, ambia mama... ni pahali mutoto mwanaume anaachaka kintu, haina kazi tena."

"Kisigino?"

"Juu ya kisigino."

"Goti?"

"Juu kidogo," nikasema.

Docta Safari alikuwa ameuma barakoa yake. Kitanda cha Riziki kilikuwa kinatikisika, shuka limemfunika mpaka kichwani. Nikaona sina budi kupita njia ya mbali. Nikasema, "Ndoo, ambia mama: pale kwetu, siku batoto banaume banatoka kwa wazee, bamama banawapikia kuku, banawaimbia, banasema sasa ni banaume. Ile banaachaka kule kwa wazee, njo iyi."

Mgongo wa Koko ukaanza kutetemeka. Akavuta kikwembe akafunika uso wote, na kutoka ndani yake ikatoka sauti.

"Ndoo! Funga kinywa!"

Niliuchukua mfuniko nikaifunika ndoo, kwa heshima zote. Nje ya dirisha niliwasikia wale wenzangu wenye wagonjwa mahututi wakicheka mpaka wengine wanakohoa.

Tulikaa hivyo, ndoo imefunikwa, hakuna mwenye ruhusa ya kusema. Nilidhani mambo yameharibika, na niliogopa kweli, maana niliuona mkono wa Riziki juu ya shuka, vidole vimeinama, na ile mitungi haikuwa na siku za kungojea wazee wa ukoo wakutane. Halafu Koko akasema taratibu, "Fungula iyo ndoo."

Nikaifungua.

"Uliza mukwe: Riziki akizaa, mutoto atafanana nani?"

"Ndoo, ambia mama: atafanana sisi. Uyu muntu haketi. Anafundisha ngozi ya Riziki, kisha anaenda."

"Bila kuaga?"

"Bila kuaga."

"Tabia mubaya," akasema Koko. Akafikiri. "Na mama yake, balimuuliza?"

"Balimuuliza, akakubali."

"Anatujua?"

"Apana, hajui sisi. Alitoa tu, juu ya bantu ba kuungua."

Koko aliikunja na kuikunjua pembe ya kikwembe. Aliponena tena hakukuwa na kicheko katika sauti yake. Alisema zamani wanaume walichanjana ngozi, wakaonjana damu, wakawa ndugu wa kufa na kuzikana, lakini kila mmoja alilijua jina la mwenzake. Akauliza jina la yule mtoto. Nikaiambia ndoo kwamba hata Docta halijui, limefichwa, ndiyo sheria yao.

"Muntu hawezi ingia mu mukono ya mutoto wangu bila jina," akasema. "Mi nitamupa. Ni Mugeni. Na mugeni siku mbili, siku ya tatu tunamupa jembe. Ndoo, ambia mukwe: amuweke Mugeni mu mukono, na Mugeni atumike."

Akainuka, akaondoka bila kugeuka. Riziki alitoa kichwa kwenye shuka akiwa analia na kucheka, sikujua kipi kimetangulia kipi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilitoboa wavu kwa mikono yangu, Docta akautandaza, kisha akailaza ile chapati nyeupe juu yake, akainyoosha pembe kwa kibanio kama mama anayemtandikia mtoto kitanda. Tukafunga, tukaweka kibao vidole visijikunje, na Docta akaniachia maagizo na ndege yake akaipanda. Siku ya kufungua tulikuwa mimi, Riziki na ndoo. Haraka yangu niliipeleka nje, nikamwaga maji kidogo kidogo, nikaanza kumpigia Riziki hadithi ya harusi ya Lweba ambapo bwana harusi alilala kwenye boti. Bandeji ikajiachia. Nilitazama, nikanusa, nikatazama tena.

"Iko?" akauliza, amefumba macho.

"Iko."

Ilikuwa ya waridi, imelala kimya, imeshika pande zote. Sitajificha nyuma ya maneno: nililia, na machozi yakadondokea ndani ya ndoo, nikalazimika kuchemsha maji mengine.

Kufunga kidonda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni vidole, na vidole ni vivivu, vinapenda kulala vilivyolala. Mazoezi tuliyofundishwa, ya kukamua mpira na kuhesabu, yalimchosha Riziki akayaacha. Ndipo nikamfungia vipande vya bandeji kwenye chuma cha kitanda, nikamwambia asuke. Kwanza alisuka vibaya, akatukana kwa Kibembe, akasuka tena. Baada ya bandeji akaingia kwenye vichwa. Wagonjwa wa wodi nzima wakasukwa, halafu na wauguzi, halafu wakaanza kuja wanawake ambao hawakuwa wagonjwa wa chochote. Mkurugenzi alikuja kulalamika kwamba wodi imekuwa saluni. Malalamiko yaliisha siku mke wake alipopanga foleni. Mimi peke yangu sikusukwa, kwa sababu ambazo mkinitazama mtazielewa.

Ngozi ile ilibadilika rangi polepole, kutoka waridi hadi kahawia, ikafanana na jirani zake karibu kabisa. Docta Safari alipiga simu akasema sasa chembe zote hapo ni za Riziki mwenyewe, wala hamna tena ya yule mtoto. Mgeni alikuwa ameweka jembe chini na kwenda, bila kuaga, kama ilivyotabiriwa.

Miaka ikapita, mingi kwenu, michache kwangu. Nilikuwa naelekea kustaafu Riziki alipoingia na mtoto wa kiume mgongoni. Alikuwa ameolewa na fundi wa injini za boti, na kibanda chake kimekuwa na viti vitatu na wasichana anaowafundisha. Mtoto aliitwa Mugeni. Amekuja kutahiriwa, na Riziki hakutaka mkono mwingine ila wangu. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa mtu anayejua atakutana na familia hiyo kila sikukuu. Nilipomaliza nikakifunga kile kipande katika shashi, maana familia nyingi hukichukua kwenda kukizika nyuma ya nyumba. Nikageuka kukitoa, na pale mlangoni, mgongo umenigeukia, ameketi Koko Feza, mzee sasa, fimbo magotini. Mbele yake ameweka mtungi mdogo ndani ya mtungi, na mchanga uliolowa katikati.

"Ndoo iko?" akauliza.

Nikaisogeza.

"Ndoo, ambia mukwe: ile kintu asitupe. Na sisi hatuiziki. Mi nimeleta nyumba yake, iko baridi, haiko baridi sana. Ashike, atume kule. Kuko mutoto ya muntu anaungua uko."

Niliutazama ule mtungi. Kwa miaka yote hiyo alikumbuka kwamba haitaki joto na haitaki friji. Nikaiambia ndoo ukweli. Kwamba kule wanachagua kwa vipimo vingi, na kipande kimoja kinawatosha watu wengi kwa miaka mingi. Kwamba hatuna njia ya kukifikisha kikiwa hai, na nchini kwetu nyumba ya kukuzia ngozi sijasikia kama ipo.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Fimbo yake ikachora sakafuni.

"Ndoo, uliza mukwe: ule mama ya kule, ule alitoa. Kuko muntu alimuambiaka aksanti?"

Nilikumbuka lile sanduku. Liliandikwa kila upande, lisipigwe jua, lisigandishwe, upande upi uwe juu. Nililisoma lote, mara nyingi, na swali hilo halikunijia hata siku moja, wala Docta Safari, wala yeyote kati ya sisi tuliokuwa tunajisifu kwa kazi ile. Nikageuka. Nilikwenda mbele yake, nikachuchumaa, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Sijui, mama," nikasema.

Hakufunika uso. Ana macho madogo, yenye utani, kama ya mke wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Basi andika," akasema. "We unatoka ku kazi, wakati uko nayo. Na mukono yako ni muzima."

Kile kipande alikizika mwenyewe, na mtungi wake, ili siku nyumba ile ya kukuzia ngozi ikijengwa Baraka watu wajue pa kuchimba. Nami nimeandika, na ninyi vijana ndio ndoo yangu. Yeyote kati yenu atakayefika ng'ambo kusoma na kuingia mahali wanapokuza ngozi, aulize. Watamwambia jina limefichwa, sheria ni sheria. Awaachie karatasi hii, huenda ikapita mlango ambao sisi hatupiti.

Mama wa kule ng'ambo, sisi ni watu wa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Mwanao tulimwita Mugeni, na kazi tuliyompa aliimaliza. Mkono ni wa Riziki, unafunguka wote, na jana umemsuka Koko Feza mvi zake zote kwa mistari iliyonyooka. Mugeni wa pili ameota meno mawili na anauma kila kinachosogea. Aksanti sana, mama.